Polisi akiua raia Kenya: faili hukwama wapi kati ya mochari na Mahakama Kuu?

Mshauri_Likoni

Hamjambo wanajamvi. Swali hili nalielekeza kwa wanaozishika faili hizi kwa mikono yao. Hasira tunazo sote, ila hapa natafuta utaratibu.

Hali ni ile ya kila mara. Kijana amepigwa risasi, kituo kinasema alikuwa jambazi mwenye panga. Familia inamfikia msaidizi wa sheria mtaani siku ya pili. Maiti iko mochari na wazee wanataka kuzika kabla ya alasiri. Naomba kujua mambo manne. Ni nini hasa cha kushikwa mwanzo, kabla hakijapotea? Kwa nini faili za IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, hurudishwa na DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au hulala huko miaka? Ikiwa hakuna anayeweza kutaja jina la askari aliyefyatua, ndiyo mwisho wa kesi? Na akiwa ni mwanajeshi badala ya polisi, mlango ni upi?

Wakili_wa_Ng'ambo

Ndugu Mshauri, nyingi za kesi hizi huwa zimeshakufa kabla wakili hajavaa joho. Mahakama haimfungi "polisi", humfunga mtu mwenye jina. Kwa hiyo upande wa mashtaka sharti uunganishe risasi iliyoua, bunduki iliyoitoa na mkono ulioishika bunduki hiyo saa ile. Kiungo kimoja kikikatika, utasikia hakimu au jaji akisema kuna shaka.

Anza na sheria inayowabana wao wenyewe. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema nguvu ikisababisha kifo au jeraha baya, mkubwa wa aliyefanya hivyo lazima aripoti IPOA mara moja, mahali pa tukio palindwe na jamaa wajulishwe. Jedwali hilohilo linasema amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu isiyo halali, na kwamba askari aliyevaa sare awe na jina au nambari yake mahali panapoonekana. Usingoje waripoti. Familia ipeleke malalamiko yake IPOA siku hiyohiyo. Hata kwa mdomo yanakubaliwa, nao ndio wenye wajibu wa kuyaandika. Ofisi iko Mombasa pia, hakuna haja ya kupanda basi hadi Nairobi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya IPOA kinawataka wachunguze kila kifo kinachoweza kuwa kimetokana na kitendo cha polisi. Neno ni "kinachoweza", hivyo hakuna atakayekudai uthibitisho mlangoni.

Katika barua ya malalamiko, taja kwa majina vitabu unavyotaka vichukuliwe. Usiandike tu "tunaomba uchunguzi wa kina", maana hilo halimshughulishi mtu. Andika hivi: daftari la kutolea na kurudishia silaha la kituo fulani, tarehe fulani, zamu ya saa fulani hadi saa fulani, kitabu cha matukio, yaani OB, kurasa za siku hiyo na za siku inayofuata, ratiba ya zamu, na tiketi ya safari ya gari la polisi lililoonekana, pamoja na nambari yake ya usajili kama ipo. Daftari la silaha ndilo mboni ya jicho. Kila bunduki ina nambari yake, na askari hutia sahihi akichukua na akirudisha, pamoja na idadi ya risasi. Aliyetoka na risasi 30 akarudi na 27 ana maelezo ya kutoa. Ndiyo maana daftari hili huchelewa kutolewa, huandikwa upya, au risasi hujazwa ili hesabu ilingane. Likichukuliwa lile la asili ndani ya siku moja au mbili, uwongo huwa bado haujapangwa vizuri.

OB nayo isomwe kwa jicho la shaka. Angalia saa iliyoandikwa kisha tazama maingizo ya kabla na baada. Tukio la saa mbili usiku likiingizwa chini ya ingizo la saa nne, kuna mtu alikaa akitunga. Angalia pia kama panga au bastola "iliyopatikana" iliandikwa wakati uleule au ilizuka siku ya pili.

Kuhusu panga, kuna kesi ya hukuhuku kwetu inayofaa kusomwa: ya Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 aliyeuawa nyumbani kwao Kinango, Kwale, Agosti 2014. Maafisa walidai aliwajia na panga. Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa IPOA. Walishtakiwa kwa mauaji wakapatikana na kosa dogo kuliko hilo, na hapo pana somo: utetezi wa kujihami haukuwaokoa, lakini kuthibitisha nia ya kuua ni mlima mwingine.

Meza_ya_Mochari

Wakili amemaliza upande wa vitabu. Mimi nibaki kwenye maiti, maana hapo ndipo familia hupoteza ushahidi kwa nia njema.

Msiruhusu maiti itiwe dawa ya kuhifadhi kabla ya upasuaji. Wahudumu hufanya hivyo kwa mazoea, na vipimo vya sumu na kemikali huharibika. Mwili usioshwe. Nguo ndizo zisahaulikazo zaidi. Hospitalini hukatwa kwa mkasi na kutupwa, wakati shati ndilo linaloonyesha masizi na chembe za baruti. Askari akisema alifyatua akiwa mita 20 na shati lina masizi, kasimulia hadithi. Zikaushwe kivulini, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu na damu huoza.

Ombeni picha ya eksirei ya mwili mzima kabla ya kisu. Vipande vya risasi husafiri, na daktari asiyejua vilipo anaweza kuviacha mwilini. Kila tundu la risasi lipigwe picha likiwa na rula kando yake, na urefu wake kutoka kisiginoni uandikwe. Bila kipimo hicho hakuna atakayeweza baadaye kusema marehemu alikuwa amesimama, amepiga magoti au amelala. Risasi iliyoingia mgongoni na kutokea kifuani inaua hadithi ya "alitukabili" bila maneno mengi. Vilevile tazameni viganja na mikono ya mbele kama kuna majeraha ya kujikinga, na vifundo kama kuna alama za pingu.

Familia ina haki ya kuleta daktari wake akae pale, na mpelelezi wa IPOA awepo. Shirika la IMLU husaidia kupata mtaalamu kwa wasio na uwezo. Daktari wa serikali na wa familia wakitia sahihi matokeo mamoja, mmefunga mlango wa mabishano. Kichwa cha risasi kikitolewa, andikeni ni nani amekichukua, saa ngapi, bahasha imefungwa kwa muhuri gani. Kikibadilishwa njiani mtapata ripoti safi kabisa inayosema hakilingani na bunduki yoyote. Na msisahau kwamba maabara ya silaha iko chini ya DCI, idara ya upelelezi ya polisi: polisi wanapima bunduki ya polisi. Huo ni udhaifu wa mfumo wenyewe, dawa yake ni karatasi na sahihi kila hatua.

Sasa wazee na alasiri. Kwa Waislamu jambo hili ni zito na si la kubezwa. Upasuaji ukiombwa kwa maandishi asubuhi, daktari akipatikana, unaweza kukamilika siku ileile na maziko yakafanyika Magharibi au kesho yake asubuhi. Wazee waelezwe waziwazi kwamba kuzika bila upasuaji huenda kukaleta jambo wasilolitaka zaidi, la kaburi kufukuliwa kwa amri ya hakimu. Mara nyingi wakilisikia hilo hukubali kungoja saa chache.

Maganda ya risasi: bunduki huyatupa kando hatua kadhaa kutoka aliposimama mfyatuaji, kwa hiyo mahali yalipo huonyesha alisimama wapi. Ganda lina alama ya pini ya bunduki, nalo linatosha kuitambua hata kama kichwa cha risasi hakikupatikana. Raia akiliona asiliguse, alipige picha likiwa palepale na sarafu kando yake kwa ukubwa, kisha apige picha ya mbali inayoonyesha nyumba au mlingoti. Kama polisi wanaokota na hakuna njia nyingine, liokotwe kwa karatasi, liingie kwenye bahasha, iandikwe saa, mahali na jina la aliyeokota. Huyo naye ajue ataitwa kutoa ushahidi.

Mshauri_Likoni

Shukrani sana wote wawili. Video za simu je? Na mashahidi wanaosema "ni yule wa jina la utani fulani, anajulikana mtaa mzima"?

Wakili_wa_Ng'ambo

Video itunzwe kwenye simu iliyorekodi, faili la asili. Ikipita WhatsApp hubanwa, na zile taarifa za saa na kifaa hupotea. Tengeneza nakala kwenye diski na uandike nani alinakili. Mahakamani itahitaji hati chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Jina la utani ni ushahidi mzuri kama limo kwenye maelezo ya kwanza kabisa. Shahidi akisema siku ya kwanza "askari mmoja" na miezi minne baadaye akataja jina, wakili wa utetezi atamla mzima. Aeleze amemjua kwa muda gani, humwona wapi, taa ilikuwa wapi, umbali hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani. Mahakama zetu huuogopa utambuzi wa usiku, na zina sababu. Ikiwa hamjui kwa jina, panahitajika gwaride la utambulisho. Hapo vijana wa mitandaoni hutuharibia: picha ya mshukiwa ikishaenea Facebook na shahidi ameiona, gwaride halina maana tena, maana atakuwa anaitambua picha.

Marehemu akisema neno kabla ya kukata roho kuhusu aliyempiga au jinsi ilivyokuwa, muuguzi au jirani aliyesikia aandike maneno yenyewe. Kifungu cha 33 cha Sheria hiyohiyo ya Ushahidi kinayapokea.

Na mashahidi walindwe kabla ya majina yao kwenda popote. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016 walipotoka mahakama ya Mavoko, na mteja huyo ndiye aliyekuwa amemshtaki afisa. Ipo Mamlaka ya Ulinzi wa Mashahidi. Ombi hupelekwa huko na shahidi mwenyewe, wakili, IPOA au mwendesha mashtaka. Katika kesi hiyo kilichowafunga washtakiwa ni data ya simu iliyowaweka mahali pamoja na marehemu, pamoja na kikaratasi cha kuomba msaada kilichotupwa nje kutoka walikozuiliwa. Februari 2023 afisa mmoja alihukumiwa kifo, wawili miaka 30 na 24, na mpasha habari wao miaka 20. Ilichukua karibu miaka saba, kwa faili iliyokuwa na ushahidi wa kutosha na macho ya nchi nzima juu yake.

Karani_Mstaafu

Nijibu la DPP kwani limerukwa. IPOA haishtaki. Inapeleka faili na mapendekezo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye chini ya ibara ya 157 ya Katiba ndiye mwenye neno: kushtaki, kufunga, au kuelekeza pafanyike uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Faili hurudi kwa mambo ya kawaida mno: ripoti ya silaha haijaambatishwa, maelezo ya shahidi hayana sahihi, daftari la silaha ni fotokopi na wa kuithibitisha hajulikani, au daktari aliandika "jeraha la risasi" bila kusema liliingilia wapi. Wakati huo afisa keshahamishiwa kaunti nyingine.

Familia isikae ikipiga simu. Iandike barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikiuliza mambo mahususi: faili ilipokelewa lini, nambari gani, imerudishwa lini na kwa maagizo gani. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, malalamiko yaende kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huenda wasikupe yaliyomo ndani ya faili, ila tarehe tu zinatosha kuonyesha imelala kwa nani, na faili inayoulizwa kwa barua huhama kutoka chini ya rundo.

Uchunguzi wa kifo usidharauliwe. Vifungu vya 385 hadi 388 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai vinampa hakimu uwezo wa kuita mashahidi, maafisa wakiwemo. Kifo cha mahabusu ni lazima kichunguzwe na hakimu, si hiari ya mtu. Ubaya wake ni kwamba DPP huutumia kama kabati la faili asizozitaka. Uzuri wake ni kwamba wakili wa familia huhoji maafisa chini ya kiapo kabla hawajawa washtakiwa wenye haki ya kunyamaza.

Nyalenda_B

Swali la tatu la Mshauri, la jina kukosekana, jibu lake liko Kisumu. Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita, alipigwa rungu kichwani ndani ya nyumba yao Nyalenda, Agosti 2017, wakati wa msako wa baada ya uchaguzi. Hakuna aliyeweza kusema ni mkono wa nani. Hakimu wa Kisumu alisikiliza uchunguzi wa kifo, na Februari 2019 akawaona makamanda watano kuwa na wajibu kwa kifo hicho. Mwaka 2022 DPP akaidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kutumia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008.

Kwa njia hiyo hutafuti tena nani alishika rungu. Unathibitisha kwamba palikuwa na shambulio pana au la kimpango dhidi ya raia, kwamba kamanda alikuwa na mamlaka juu ya kikosi, kwamba alijua au alipaswa kujua, na kwamba hakuzuia wala kuadhibu. Ushahidi wake ni wa aina nyingine kabisa: amri ya operesheni, mawasiliano ya redio, ramani ya nani alipewa mtaa upi, rekodi za hospitali zinazoonyesha majeruhi wengi wenye majeraha ya namna moja usiku mmoja. Haifai kwa kijana mmoja aliyepigwa risasi na doria ya watu watatu. Na iko polepole. Kusomewa mashtaka kwenyewe kuliahirishwa mara nyingi hadi watu wakachoka kuhesabu.

Mzee_wa_Kinondoni

Wakuu, salaam kutoka Dar. Huku hatuna chombo kama IPOA, tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ambayo hutoa mapendekezo. Ila nina kesi ya kuwaunga mkono kuhusu jina. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa msitu wa Pande. Polisi wakasema majambazi, tumerushiana risasi. Rais akaunda tume chini ya Jaji Kipenka, ikaikataa hadithi hiyo. Wakashtakiwa maafisa, mkubwa wao Abdallah Zombe. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote: watu waliuawa kweli, lakini waliofyatua hawako kizimbani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni, wengine wakabaki huru.

Someni vizuri hapo. Mahakama ilikubali kuwa mauaji yalitokea, na hilo halikumfunga mtu. Kesi ya mwandishi Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo mkoani Iringa Septemba 2012, ilikwenda njia nyingine kwa kuwa kulikuwa na picha za tukio lenyewe. Askari mmoja alifungwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Waliokuwa wamesimama kando yake siku ile hawakuwa kizimbani naye.

Wakili_wa_Ng'ambo

Mzee, shikamoo. Mfano wa Mwangosi ni kisu cha pande mbili kweli.

Namalizia la wanajeshi. IPOA haina mamlaka juu ya KDF, yaani jeshi la Kenya; sheria yake inahusu Huduma ya Taifa ya Polisi pekee. Malalamiko yakienda huko yatarudi na miezi imepita. Barua iende kwa DPP ikimwomba atumie ibara ya 157(4) kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze, na Inspekta Jenerali halazimiki kukubaliana naye ila analazimika kutii. Nakala iende Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo inaweza kuchunguza wanajeshi pia. Ulizeni vilevile jeshi lilitoka kambini kwa msingi upi: ibara ya 241 inatenganisha kusaidia wakati wa dharura, ambako wanaripoti Bunge la Taifa, na kurejesha amani penye machafuko, ambako wanahitaji idhini yake. Kambi za jeshi zina daftari zao za silaha, lakini kuzipata bila amri ya mahakama sahauni.

Askari wa kigeni ndio kizungumkuti. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki mwaka 2012, mwili wake ukapatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli. Uchunguzi wa hakimu ulitoa uamuzi Novemba 2019 kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza ilitolewa na Mahakama Kuu Nairobi Septemba 2025. Katikati hapo kikosi kilishaondoka na mashahidi wakatawanyika. Akishapanda ndege unaingia kwenye sheria za kurudisha mshukiwa, ambazo ni kesi ndani ya kesi.

Karani_Mstaafu

Fidia haijaguswa na ina mtego. Madai ya kawaida dhidi ya serikali yana miezi 12 tu tangu tukio, kwa Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma. Familia nyingi hungoja kesi ya jinai iishe kwanza, zikija mlango umefungwa miaka mitano iliyopita. Msingoje. Ombi la kikatiba chini ya ibara ya 22, kwa kuvunjwa haki ya kuishi ya ibara ya 26, halina muda uliotajwa, ingawa jaji atauliza kwa nini mlichelewa. Kipimo cha ushahidi huko ni chepesi kuliko cha jinai, na si lazima umjue mfyatuaji kwa jina ikiwa imethibitika kuwa alikuwa polisi kazini.

Mkishinda, mali ya serikali haipigwi mnada. Mnachukua hati ya amri ya malipo, mnampelekea katibu wa wizara husika, ambaye ndiye afisa mhasibu wake, asipolipa mnarudi kuomba amri ya kumshurutisha, kisha akikaidi ndipo mnazungumza habari ya kuidharau mahakama. Wekeni akiba ya nauli.

Halafu ile hati ya 106B aliyoitaja wakili: itiwe sahihi na mtu aliyeshughulika na kifaa chenyewe au kunakili video. Nimeona ikisainiwa na mjomba wa marehemu ambaye hakuwahi kuishika simu hiyo, na video ikakataliwa.

Mshauri_Likoni

Nimeandika yote. Swali dogo la mwisho kwa Meza ya Mochari: nguo zikishakabidhiwa kituoni na hospitali, familia inaweza kuzidai?

Meza_ya_Mochari

Msizidai zirudi nyumbani, mtavunja mnyororo wa vielelezo, yaani kumbukumbu ya nani alikishika kila kitu katika kila hatua. Iandikieni IPOA leo izichukue kutoka kituoni kwa hati ya makabidhiano, na muwaombe hospitali nakala ya ukurasa wa daftari lao ambapo aliyezipokea alitia sahihi na nambari yake ya kazi.